Kuonja Bia Nzito ya Abasia ya Ubelgiji, Hatua kwa Hatua

Mtu aliyezoea lager ya baridi kali akipewa bia nzito ya Kibelgiji kwa mara ya kwanza, mara nyingi huinywa kwa kasi ileile ya lager. Muda si mrefu uso umemwiva, na akiulizwa amekunywa nini, hana jibu ila "ni kali" au "ni tamu". Ukali upo kweli, na utamu nao unausikia puani, lakini mambo ya bia hii yako mwishoni mwa funda. Inanukia tende, shira na ganda la mkate ulioiva sana, halafu ukishaimeza mdomo unabaki mkavu na unataka funda jingine. Ikikuachia utamu unaonata kwenye meno, imeshindwa kazi yake, hata kama lebo ina picha ya mtawa anayetabasamu.

Mfano wangu hapa ni chupa moja: St. Bernardus Abt 12, yenye asilimia 10 ya kileo, kutoka kijiji cha Watou, Flanders Magharibi. Ukiwa na Rochefort 10, Chimay ya lebo ya bluu au Westvleteren 12, hatua ni zilezile.

Kwanza, ujue ulichonunua

Watou iko mpakani kabisa na Ufaransa, katika eneo la Poperinge ambako hopsi, maua yanayoitia bia uchungu, hulimwa hadi leo. Watawa waliotoka Ufaransa walikuwa na makao pale, wakitengeneza jibini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, abasia jirani ya Sint-Sixtus, iliyoko Westvleteren, iliwapa watu wa Watou leseni ya kupika na kuuza bia kwa jina lake. Watawa wenyewe waliendelea kupika kidogo tu, ya matumizi yao na ya kuuza langoni. Mkataba uliisha mwaka 1992. Kiwanda cha Watou kikaendelea na bia zake, safari hii kwa jina la St. Bernardus.

Ndiyo maana wapenzi wa bia hawaishi kubishana kama Abt 12 na Westvleteren 12 ni kitu kimoja. Mimi nasema zilikuwa ndugu wa tumbo moja, lakini kila mmoja amekulia kwake: Westvleteren siku hizi huchukua hamira yake kutoka abasia ya Westmalle, na hamira ndiyo inayoamua nusu ya ladha.

Kwa hiyo Abt 12 ni bia ya mtindo wa abasia, si bia ya Trapisti, yaani ya Watrapisti, shirika la watawa wa Kikatoliki. Tofauti hiyo ina masharti. Tangu mwaka 1997 kuna chama cha kimataifa cha Watrapisti chenye alama yake ya pembe sita, na bia inayobeba alama hiyo lazima ipikwe ndani ya eneo la monasteri, chini ya usimamizi wa watawa, na mapato yaende kwenye maisha yao na kazi za huruma. Rochefort, Chimay, Orval, Westmalle na Westvleteren ziko humo. (Wasomaji wa Kivu wanawafahamu Watrapisti hawa kwa njia nyingine: monasteri ya Mokoto ilianzishwa mwaka 1954 na watawa wa Scourmont, abasia ileile inayopika Chimay.) Neno "abasia" kwenye lebo isiyo na alama hiyo linaweza kumaanisha uhusiano wa kweli na monasteri fulani, au picha ya kanisa tu. Onja kilichomo.

Halafu kuna ile namba. Kumi na mbili si asilimia ya kileo. Inatokana na kipimo cha zamani cha Kibelgiji cha uzito wa maji ya kimea kabla hayajachachuka, na leo imebaki kama jina la cheo, haifuati hesabu ya kipimo tena. Nyumba ya St. Bernardus ina Pater 6, Prior 8 na Abt 12, yaani padri, msaidizi wa abate, na abate mwenyewe. Rochefort nao wana 6, 8 na 10, zenye kileo cha asilimia 7.5, 9.2 na 11.3.

Hesabu ya maana ni hii: chupa ya sentilita 33 yenye asilimia 10 ina mililita 33 za kileo halisi. Bia ya nusu lita tuliyoizoea, yenye asilimia 5, ina mililita 25. Chupa ndogo imeishinda kubwa. Kama una gari, panga usafiri mwingine kabla hujafungua.

Hatua ya 1: Isimamishe gizani

Bia hii huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, na hamira iliyofanya kazi hiyo bado iko chini. Ukiilaza chupa kama divai, hamira hutanda ubavuni na itamwagika yote kwenye glasi. Isimamishe wima siku nzima kabla ya kuinywa, ikitoka safarini hata siku mbili.

Iwe gizani. Mwanga wa jua hugusana na hopsi na kuzaa harufu mbaya ya kicheche. Chupa ya kahawia husaidia, ila haizuii kila kitu. Dukani, usichukue ile iliyopangwa dirishani kwa urembo.

Hatua ya 2: Joto

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na kwa watu wa nchi za joto ni vigumu kuwalaumu. Tumezoea bia ya "baridi sana", na kwa lager hilo ni sawa. Lakini kwenye nyuzi 4 harufu haziinuki, ulimi umekufa ganzi, na chupa ya bei kubwa inakuwa maji meusi yenye gesi. Ukiiacha kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, nalo ni kosa: kileo kitapanda mbele na kufunika kila kitu.

Lengo ni nyuzi 10 hadi 13. Itoe kwenye friji, iache mezani takriban nusu saa. Sehemu ya joto sana, dakika ishirini zinatosha. Huhitaji kipimajoto. Ukiishika chupa, iwe inakupoza kiganja bila kukiuma. Ukiwa na shaka, anza na baridi kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa sababu bia ya namna hii hunywewa polepole na itapata joto ndani ya glasi mbele ya macho yako. Mabadiliko hayo ni sehemu ya kuonja.

Hatua ya 3: Glasi

Wabelgiji wana glasi kwa kila bia, na kwa hii hutumia ile pana yenye mguu, inayokaribia kufanana na kalisi ya misa. Ni nzuri kwa macho, na mdomo wake mpana huachia povu nafasi. Lakini kama kazi yako ni kuonja, glasi ya divai nyekundu, yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, hukusanya harufu vizuri zaidi. Sioni sababu ya kununua glasi mpya kwa ajili ya chupa moja.

Kilicho muhimu ni usafi. Mafuta na mabaki ya sabuni huua povu. Suuza glasi kwa maji safi mengi, iache ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa cha jikoni. Ukishamimina, ukiona mapovu yameng'ang'ania ubavuni mwa glasi chini ya uso wa bia, hapo pana uchafu. Na usiigandishe glasi kwenye friza. Utakuwa umeharibu Hatua ya 2.

Hatua ya 4: Mimina kwa mkupuo mmoja

Inamisha glasi, acha bia iteremke ubavuni taratibu. Ikifika theluthi mbili, isimamishe glasi na umimine katikati ili povu lipande. Gesi ni nyingi, kwa hiyo usiwe na haraka.

Usisimamishe na kuanza tena. Kila unapoirudisha chupa wima, bia hurudi nyuma na kutibua hamira. Macho yawe shingoni mwa chupa: ukiona wingu linakuja, acha. Iache kama sentimita moja ya bia chini ya chupa. Usiimwage.

Hatua ya 5: Tazama kidogo tu

Rangi ni kahawia iliyoiva, na ukiinua glasi kwenye taa kingo zake huonyesha wekundu. Ukungu kidogo ni kawaida. Povu ni zito, la rangi ya maziwa yenye chai kidogo, na likishuka huacha alama kwenye glasi kila unapomeza.

Kwa mnywaji wa Guinness kuna tahadhari moja. Weusi wa Guinness unatokana na shayiri iliyokaangwa, na ndiyo inayoleta kahawa na uchungu wa kuungua. Kahawia ya bia za abasia hutoka zaidi kwenye shira ya sukari iliyopikwa hadi ikabadilika rangi, pamoja na kimea kilichokaushwa kwa moto mkali kiasi. Ukitafuta kahawa humu utasikitika bure.

Hatua ya 6: Pua

Tenga muda hapa. Fanya mara tatu, kwa namna tatu.

Kwanza, usiizungushe glasi. Pitisha pua juu ya povu, vuta pumzi mbili fupi, ondoa. Kinachokuja mwanzo ndicho chepesi zaidi, na hupotea haraka: mara nyingi ndizi mbivu, au tunda ambalo huwezi kulitaja. Hizo ni esta, kemikali za harufu, kazi ya hamira. Lager huchachuka kwenye ubaridi na hamira yake hutulia. Hamira za Kibelgiji hufanya kazi kwenye joto, zaidi ya nyuzi 20, na joto hilo ndilo linalozaa matunda.

Pili, funika glasi kwa kiganja, izungushe taratibu, funua na unuse kwa kina. Sasa vinakuja vizito: kimea, mkate, karameli, matunda makavu. Nyuma yao kuna viungo. Karafuu utaikuta karibu kila mara, na si kwa sababu mpishi aliitia. Hamira hutengeneza kemikali ambayo ni jamaa wa karibu wa eugenoli, ile iliyojaa kwenye karafuu ya Unguja na Pemba. Aliyekulia karibu na majamvi ya karafuu zinazoanikwa ana faida ambayo mwonjaji wa Brussels hana.

Na hapa nitoe ushauri ambao vitabu vya kuonja haviutoi. Waandishi wa Ulaya hujaza kurasa kwa plamu kavu, tini na cherry nyeusi. Kama hujawahi kula plamu kavu, usiandike plamu kavu. Andika tende. Andika zabibu za kwenye pilau, sukari guru, halwa, ukwaju uliokomaa, ganda la mkate wa boflo, kungumanga. Harufu unayoitambua kutoka jikoni kwenu itakusaidia mwaka ujao kukumbuka bia hii. Neno la kuazima halitakusaidia. Kwangu mimi Abt 12 ni tende kwanza, ndizi iliyoanza kuwa nyeusi, kisha karafuu kwa mbali.

Tatu, subiri. Weka glasi chini dakika kumi, rudi tena. Ndizi itakuwa imepungua na kimea kimepanda. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako mwenyewe halafu rudi.

Kuna harufu chache za kukuambia mambo hayako sawa. Kadibodi iliyolowa: bia imezeeka vibaya au ilihifadhiwa kwenye joto. Siki: imeingiliwa na vimelea visivyotakiwa. Siagi nzito, kama ni ya waziwazi: uchachukaji haukumalizika vizuri. Kileo kinachochoma pua kwa asilimia 10: joto limezidi, au mpishi hakujua kazi. Bia ya abasia iliyopikwa vizuri huficha nguvu zake. Ndiyo hatari yake pia.

Hatua ya 7: Mdomo

Funda la kwanza liwe dogo na usilihukumu. Ni la kuusafisha mdomo na chochote ulichokula.

Funda la pili lichukue lote: jaza mdomo nusu, lisambaze kwenye ulimi wote na ufizi, lishikilie kwa sekunde tatu au nne. Fuata mpangilio wa matukio. Kwanza kimea na tende huja kwa upana. Kisha gesi inapasuka na kuinua uzito wote, ulimi unahisi kuoshwa. Meza. Wanaoonja divai hutema. Bia humezwa, kwa sababu uchungu wa hopsi na mwisho wote unausikia kooni.

Sasa funga mdomo na utoe pumzi kupitia puani. Harufu hurudi kwa njia ya nyuma, na nyingine hukuzisikia kabisa uliponusa glasi. Ukitaka kuthibitisha, bana pua kwa vidole, piga funda, meza, halafu achia. Ulipobana ulipata utamu, uchungu na gesi tu. Ulipoachia, tende na karafuu zikaingia kwa pamoja.

Baada ya hapo, usinywe. Kaa tu na usikilize mdomo wako kwa muda wa kutosha. Hapa ndipo bia hii hupimwa. Utamu uliosikia mwanzoni unapaswa kupungua, uchungu wa kiasi uje, pengine na pilipili manga kidogo, kisha ukavu, na joto la kileo kifuani. Wabelgiji wanaposifu bia nzito husema inashuka vizuri tumboni, haimshibishi mtu. Sifa hiyo inatokana na sukari, ingawa inashangaza. Kufikia asilimia 10 kwa kimea peke yake, bia ingebaki na mabaki mengi ambayo hamira haiwezi kuyala, na ingekuwa nzito kama uji. Wapishi wa Ubelgiji huongeza sukari kwenye sufuria, mara nyingi ya viazisukari, na hamira huila yote bila kubakisha. Nguvu inapanda, bia inabaki nyepesi mdomoni. Sukari inayotiwa ndiyo inayoifanya bia iwe kavu, na anayesema "wametia sukari ndiyo maana ni tamu" amegeuza mambo.

Rudia funda kila baada ya dakika kadhaa hadi glasi iishe. Saa nzima kwa chupa moja si kupoteza muda. Funda la mwisho, likiwa karibu na joto la chumba, mara nyingi huwa la chokoleti zaidi na la tunda kidogo. Pia ndilo linalofichua kasoro ambazo ubaridi ulikuwa umezifunika.

Hatua ya 8: Andika kabla ya kusoma

Andika ulichosikia kabla hujasoma lebo ya nyuma na kabla mwenzako hajasema lake. Mkiwa wanne mezani na mmoja akasema "chokoleti", wote mtaisikia chokoleti. Mistari mitatu inatosha: pua, mdomo, mwisho. Ongeza joto la chumba na tarehe iliyo kwenye chupa.

Chakula

Maji na mkate mtupu kwa kuonja. Jibini gumu likifuata ni zuri sana. Wabelgiji wa Flanders hulikata vipande vidogo na kulila na haradali. Nyama ya ng'ombe iliyochemshwa taratibu kwa bia hiihii ni mlo wao wa asili, na korosho zilizokaangwa zinafaa pia. Pilipili kali iepuke: huuongeza moto wa kileo na kuua kila kitu kingine.

Hatua ya 9: Kile kilichobaki chini

Ile sentimita moja uliyoiacha, izungushe chupani na uimimine kwenye kiglasi kidogo. Itakuwa na matope. Onja peke yake: unga mbichi wa mkate, uchungu zaidi, tende hakuna. Wapo wanaoipenda na kuichanganya kwenye glasi kuu; mimi naona inafifisha mwisho mkavu tulioufuatilia. Ukishaionja peke yake utajua ni ladha ipi ni ya hamira na ipi ni ya bia, na utaitambua siku ukimiminiwa ovyo baani.

Hatua ya 10: Chupa ya pili, siku nyingine

Bia moja haifundishi sana bila ya kulinganisha nayo. Chimay ya bluu, asilimia 9, ni kavu zaidi na ina viungo zaidi. Rochefort 10 ni nzito na huelekea chokoleti na tini. La Trappe Quadrupel ya Uholanzi, asilimia 10, iliyotoka mwaka 1991 na kuipa aina hii jina lake la quadrupel, ni tamu zaidi kwa mdomo wangu. Mkizionja kwa pamoja, gawaneni chupa moja watu watatu au wanne, mkianza na yenye kileo kidogo. Westvleteren 12, asilimia 10.2, ina sifa kubwa kuliko zote, lakini watawa huuza kwa utaratibu wao na hawataki iuzwe tena kibiashara bila idhini yao. Ile ya duka la Ulaya yenye bei inayozidi ile ya langoni mara kadhaa huenda imepitia mikono ambayo wao hawakuipa ruhusa, na huwezi kujua ilikaa kwenye joto gani.

Ukipata chupa mbili za Abt 12 kwa mpigo, moja ifiche. Ni miongoni mwa bia chache zinazobadilika kwa faida zikikaa: uchungu hushuka, matunda mapya hugeuka makavu, na mwishowe huja harufu ya divai iliyokaa kwenye pipa. Inahitaji giza na ubaridi usiopanda na kushuka. Kabati la jikoni katika nyumba ya pwani halifai, afadhali sehemu ya chini ya friji. Andika tarehe juu ya kizibo kwa kalamu ya wino usiofutika, na karatasi ya maandishi yako ya leo ifunge kwenye shingo ya chupa kwa mpira.